Mzee wa Mlango wa Nyuma

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwa bibi yangu kule Izigo kulikuwa na mzee mmoja aliyeruhusiwa kukaa juu ya kaburi la babu. Sisi wajukuu hatukuruhusiwa hata kulisogelea. Lilikuwa ndani ya kibanja, kati ya migomba na mibuni, na msalaba wake wa saruji ulikuwa na jina moja tu: ELIASI. Bibi alitukemea hata tukilivuka kwa kufuata mpira. Lakini yule mzee alitandika gunia pale, akakaa, akachambua kahawa mchana kutwa. Bibi alimwona. Akaendelea na kazi zake.

Tulimwita Babu Mgeni. Tuliambiwa alikwenda vita vya Kagera pamoja na babu yetu Eliasi. Eliasi akafia Uganda, na rafiki huyu, kwa kuwa hakuwa na kwao, bibi akampa hifadhi. Maelezo hayo hayakunitosha. Mgeni gani hakaribishwi sebuleni? Alilala chumba cha nyuma karibu na jiko, akaingia na kutoka kwa mlango wa nyuma tu. Hata mvua ikimkuta mbele ya nyumba, aliizunguka nyumba nzima, taratibu, analowa, huku mlango wa mbele uko wazi.

Binamu yangu Koku, aliyenizidi umri na ufundi wa kutisha watu, ndiye aliyenipa jibu.

"Huyo si mtu. Ni omuzimu."

"Mzimu unachambua kahawa?"

"Wewe mtoto wa Bukoba mjini unajua nini? Anakaa pale kwa sababu ndiyo nyumba yake. Na mizimu haili chumvi. Mwekee uone."

Tukaimwaga kiganja kizima kwenye ndizi zake, tukajibanza nyuma ya mlango wa jiko. Babu Mgeni alitafuna tonge la kwanza, akatulia, kisha akasema bila kugeuka:

"Mwambieni mpishi mimi si sangara wa kusafirishwa."

Akazimaliza zote. Koku alininong'oneza kwamba mizimu ya siku hizi imezoea. Nilicheka, lakini tangu siku hiyo sikumgeuzia mgongo.

Nilimwendea bibi akimenya ndizi.

"Bibi, kwa nini Babu Mgeni hapiti mbele?"

Kisu hakikusimama. "Mtu aliyekwisha kuliliwa haingii kwa mlango wa mbele. Akiingia, humwita mwingine atoke."

"Nani alimlilia?"

"Menya ndizi, waitu," akasema, kwa neno lake la kutubembelezea.

Likizo iliyofuata, msimu wa panzi wa senene, Babu Mgeni aliugua kifua na kufa. Nilidhani watamchimbia kaburi lake. Badala yake wanaume waling'oa msalaba wa Eliasi, wakachimba palepale. Watoto tulifungiwa ndani. Mimi na Koku tulipanda juu ya benchi tukachungulia dirishani. Nilisubiri mifupa. Haukutoka mfupa hata mmoja, ulitoka udongo mweusi tu, na hakuna mchimbaji aliyeonekana kushangaa. Jeneza lilitolewa kwa mlango wa mbele, na bibi mwenyewe ndiye aliyeufungua. Kisha wakaurudisha msalaba uleule, wenye jina lilelile.

Koku alinibana mkono. "Si nilikwambia?"

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nimewahi kula ndizi na mtu aliyetoka kaburini. Nilimaliza shahada ya kwanza nikiwa bado naamini nusu.

Mwaka jana ukoo uliamua kulijengea kaburi hilo kwa marumaru. Nikaombwa niandike maisha ya babu askari, yasomwe kwenye kikao cha Krismasi, kwa kuwa mimi ndiye msomi, yaani mwenye kompyuta. Ndipo baba aliponieleza kile ambacho watu wazima wote walikuwa wanakijua. Wanajeshi waliporudi bila Eliasi, na mwenzake akaapa kwamba alimwona akianguka, wazee walizika kipande cha mgomba badala yake, kama inavyofanywa kwa mtu ambaye mwili wake haukuonekana. Wakalia, wakanyoa, wakamaliza matanga. Kisha Eliasi mwenyewe akarudi, mzima. Basi akapokelewa kwa nyuma na kuitwa mgeni, maana aliyezikwa hapokelewi kama aliye hai.

"Ndiyo mila," baba alisema.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini bibi alinipa ufunguo wa sanduku la bati la babu, nami nikazipanga karatasi kitandani kwa mfuatano: cheti cha ubatizo, picha akiwa na sare, cheti cha kuachishwa jeshi, kadi ya usharika. Jeshi lilimwachia muda mfupi baada ya vita. Baba alikuwa mgongoni mwa mama yake wakati wa kilio, na anakumbuka kwamba babu alirudi yeye akiwa sekondari. Katikati hapo iliangukia ile kadi ya usharika, ya kanisa moja la Mwanza, sadaka zimegongwa mihuri mwaka baada ya mwaka. Kwenye nafasi ya jina la mke, karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe.

Nilimpelekea bibi kadi hiyo. Hakuipokea.

"Bibi, alikuwa Mwanza."

"Najua."

"Alikwambia?"

"Sikumuuliza. Ningemuuliza angenijibu."

"Hili jina nani amelikwangua?"

"Sanduku lilikuwa lake." Kisha sauti ikabadilika. "Nilinyoa nywele kwa ajili yake. Nililala chini, waitu. Halafu anakuja amevaa shati lililopigwa pasi. Nani alimpigia?"

Nikakimbilia swali langu. "Kwa hiyo ule mlango haikuwa mila?"

"Mila ipo! Wazee hawakudanganya. Lakini walisema njia ya kumwingiza ipo pia: mbuzi, na maneno machache, anapita mbele kama bwana harusi. Walikuwa wananisubiri mimi nitamke."

"Ukakaa kimya mpaka akafa?"

"Nilimpikia kila siku," bibi alisema.

Siku ya Krismasi nilisoma mbele ya ukoo: alizaliwa, alibatizwa, alipigana vita vya Kagera, akarudi nyumbani.

"Alirudi mwaka gani?" baba mdogo mmoja wa ukoo akauliza. "Msomi wetu, mwaka umeumeza?"

Watu wakacheka. Bibi alikuwa anatazama mikono yake.

"Karatasi hazikubaliani," nikasema, nikaketi. Mimi ninayewarudishia wenzangu kazi kwa sababu ya nukta, niliiacha sentensi ya babu yangu bila tarehe.

Sisi wa leo mtu akitukosea tunafuta namba yake, tunaendelea na mambo mengine. Bibi alimweka aliyemkosea umbali wa ukuta mmoja, akamtengea sahani asubuhi na jioni, na hofu ya mizimu ikamlinda yeye bibi asilazimike kueleza. Sijaamua kama ile ilikuwa huruma au adhabu. Nikienda Izigo tunaketi pamoja tunamenya ndizi, swali liko mdomoni, nalimeza. Naogopa kwamba nikimuuliza atanijibu.