Mguu wa Profesa

Fundi wa matairi hakuitwa Profesa kwa kusoma chuo chochote. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa kuchoshwa na mihadhara yake. Ukimpelekea pancha, unaondoka imezibwa na masikio yamejaa: pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likishapata moto linakudanganya, spea nayo ni tairi, usiisahau, tairi likianza kuwa kipara upande mmoja, usilitukane, kapimishe magurudumu kama yamekaa sawa. Yote kweli tupu. Ila yeye mwenyewe geji ya kupimia upepo alikuwa haigusi. Alikuwa analipiga tairi teke.

"Mguu huu," alikuwa akisema, huku anakunja suruali kuuonyesha, "una miaka ishirini na sita kazini. Geji inaharibika. Mguu hauharibiki."

Siku hizi akiisimulia habari hii mwenyewe, hapo ndipo anapocheka kwanza, maana mguu wenyewe ulikuwa na baridi yabisi.

Ukweli aliuficha hata kwa mkewe: namba za geji alikuwa hazioni tena. Miwani alipimiwa, akaitia kwenye droo. Kuivaa, aliona, ni kujitangazia uzee, na kwa kiburi alichokuwa nacho, bora avunjike kidole cha mguu kuliko kukiri. Bahati yake, gari la nyumbani lilikuwa limemaliza miaka miwili bila pancha hata moja. Sifa zote akaupa mguu.

Ikaja siku ya mtihani wa udereva wa binti yake, kitinda mimba. Hospitali ilikuwa imemwahidi kazi ya kuendesha gari la wagonjwa, mradi apeleke leseni kabla ya Ijumaa. Mara ya kwanza alikuwa ameshaanguka kwenye kurudi nyuma. Akianguka tena, kazi anapewa mwingine. Profesa akaona siku kubwa hivyo haifai kwenda na kandambili. Akavaa buti mpya za kazi, zenye chuma mbele, akalizunguka gari la nyumbani akipiga teke tairi moja baada ya jingine. Yote yakalia magumu. Kwa chuma kile hata mto wa kulalia ungelia mgumu, lakini hilo halikumjia.

Kwenye uwanja wa mtihani, mtahini, mama mwembamba mwenye faili kwapani, akamwambia binti, "Kabla hujawasha, kagua gari."

Profesa, nyuma ya uzio, akainua mguu na kuupeperusha hewani, kumkumbusha. Binti akamtazama. Kisha akafungua mkoba, akatoa geji, akachuchumaa.

Tairi la nyuma kushoto alilipima mara mbili. Akasimama.

"Samahani mama, gari hili siliendeshi. Hapa pana ishirini na moja, panatakiwa thelathini na mbili."

"Nimelikagua asubuhi!" Profesa akapiga kelele.

Mtahini akageuka. "Wewe ni nani?"

"Fundi wa matairi."

Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko.

"Umelikagua kwa kutumia nini, fundi?"

Profesa akaangalia buti zake. Aibu haikumuuma kama lile wazo kwamba amemkosesha mtoto kazi kwa sababu ya miwani.

Mtahini akaandika kitu kwenye faili, akasema, "Jazeni, tuendelee."

Pampu ya mguu ikatolewa kwenye buti ya gari. Mguu wa Profesa hatimaye ukapata kazi unayoiweza. Akawa anakanyaga, jasho linamtoka, binti ameshika geji.

"Geji umeinunua lini?" akamnong'oneza.

"Mwaka juzi, baba. Nilikuwa napima kila alfajiri kabla hujaamka. Leo nilikuwa napiga pasi shati, nikasema leo nikuachie."

Profesa akakanyaga hewa, akayumba.

"Na miwani yako iko kwenye droo, chini ya soksi," binti akaongeza. Kisha akaanza kuzisoma namba kwa sauti, bila kuombwa, ili baba asiiname. "Ishirini na nane. Thelathini. Ongeza kidogo, baba."

Binti alipomaliza mtihani na kushuka garini, karatasi yake imegongwa muhuri wa kufaulu, baba mtu alilia waziwazi, akasingizia vumbi. Mtahini akampitia karibu. "Wengi hapa wanapiga teke tu," alisema. "Sijui nani anawafundisha."

Wiki iliyofuata gari la wagonjwa likasimama mbele ya karakana. Binti akashuka na sare mpya, akamkabidhi baba geji. "Soma wewe."

Profesa akatoa miwani mfukoni mbele ya wateja wote, akaivaa, akapima matairi yote na spea, akazitaja namba moja moja kwa madaha. Binti akashukuru. Kisha, kwa kuwa anamjua baba yake, akaichukua geji akapima upya.