Siku Mwalimu Elia Alipopiga Magoti

Harufu ya mashudu ya alizeti bado inanisumbua. Juzi nilipita karibu na mashine ya kukamua mafuta, ikabidi nisimame pembeni kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tukiishi Manyoni. Jirani na reli kulikuwa na ghala la alizeti na mashudu yake. Mavuno yakishauzwa lilibaki tupu, na mwenyewe alimruhusu mwalimu Elia, seremala aliyejifunza karate jeshini, atufundishie humo kila Jumamosi asubuhi. Tulikuwa watoto kumi na wawili, pekupeku, maganda ya alizeti yakitunasa nyayoni. Kabla ya kufundishwa ngumi hata moja, tulifundishwa kuinama. Tuliinama mlangoni, tukamwinamia mwalimu, kisha tukainamiana wenyewe kwa wenyewe. Mimi niliona ni shikamoo ya Kijapani tu, niliifanya mbiombio.

"Neema, unainama kama kuku anayedonoa," mwalimu aliniambia siku moja, wote wakaangua kicheko. "Ukiinama unamwachia mwenzako kichwa chako. Polepole."

Aliyecheka zaidi alikuwa Zuhura, rafiki yangu wa kuchota naye maji na kukaa naye dawati moja. Yeye aliinama vizuri kuliko sisi sote.

Basi likatokea shindano la Dodoma, na nafasi ilikuwa moja. Nyumbani nilikuwa nimeshatangaza kwamba nitakwenda mimi. Mwalimu akamchagua Zuhura.

Jumamosi hiyohiyo alitupanga tupambane, mimi naye. Tukainamiana. Niliwahi kuinuka. Zuhura alikuwa bado ameinama, taratibu, kama alivyofundishwa, kisogo chake kikiwa mbele yangu. Alipoanza tu kuinua uso, nilirusha teke kwa nguvu zangu zote. Likamwingia jichoni.

Hakulia. Alikaa chini, kiganja usoni, akauliza, "Kwani mwalimu alishasema tuanze?"

Alipelekwa hospitali, akarudi na bandeji. Jicho la kushoto halikuona tena.

Baada ya wiki mwalimu alinichukua tukaenda kwa kina Zuhura. Mama yake alikuwa uani akipepeta mtama. Mwalimu Elia, mtu mzima mwenye mvi, alipiga magoti kwenye vumbi, akainama mpaka paji la uso likagusa ardhi.

"Mama Zuhura, uliniachia mtoto, sikumlinda. Naomba unisamehe."

Mwalimu alikuwa ameona kila kitu siku ile. Hakunitaja.

"Inuka, mwalimu," mama alisema, bila kuacha kupepeta. "Hata ukilala hapo mpaka kesho, jicho la mwanangu halirudi."

Hakuinuka. Majirani walichungulia juu ya ua, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikimwonea aibu mwanaume mzima kujishusha vile.

Ghala halikufunguliwa tena kwa karate. Zuhura alihamia dawati lingine, na mwaka uliofuata familia yao ikahamia Mkiwa. Sikumwomba msamaha. Nilijiambia mwalimu alishaomba, yameisha.

Sasa nina binti wa umri ule. Nikimtazama ndipo ninapoelewa kwa nini mwalimu alinichukua mimi peke yangu, na kwa nini alikaa chini muda mrefu namna ile. Nilidhani anamsubiri mama Zuhura amjibu vingine. Alikuwa ananisubiri mimi.