Nimechomoa mota ya shemeji

Jamani, leo nimemwibia shemeji yangu Elibariki.

Dukani alinishauri: "Gari la rimoti, mota ya usukani chukua ya meno ya chuma."
Nikachukua ya plastiki, si ni rahisi. Meno yakasagika mazoezini.

Leo tuko Akheri kwenye mashindano ya magari hayo ya rimoti, kila mtu na lake. Yeye anakunywa chai, mimi nachomoa mota ya gari lake nafunga kwenye langu.

Kumbe inazunguka kinyume na yangu. Nakata kulia, gari linaenda kushoto, mpaka mferejini. Watu hoi kwa kicheko.

Aliyeingia majini kuliokoa ni shemeji. Akaiona mota yake, imelowa, na zamu yake ndiyo inafuata.

"Shemeji, si ungeniomba tu?"

Chekeni, nimestahili. Jumamosi asubuhi niko kwake Olasiti na mota mpya ya meno ya chuma, namfungia mwenyewe.