Tulivyosubiri jua litoke ndipo tujue nane mara saba

Wakuu, poleni na majukumu.

Naona jukwaa zima linabishana kuhusu kila mtoto wa shule ya msingi kupewa kishikwambi chake. Mimi sina upande. Nina jambo lililonikuta mwenyewe, na sijaongeza chumvi. Lilikuja na chumvi yake.

Miaka ya tisini, nipo darasa la tano, shule moja huko kata ya Zombo, Kilosa. Jina la shule nalihifadhi. Ni kile kipindi biashara zimefunguliwa na kila kitu kinaingia: mitumba, redio za plastiki, saa zinazopiga muziki.

Siku moja akaja mgeni, mfadhili, na maboksi mawili. Ndani kalkuleta tupu! Kila mwanafunzi wa darasa la tano na yake. Nyembamba, hazina betri, zinatumia mwanga.

Baba alinifungia yangu shingoni kwa kamba ya katani. "Ukiipoteza, baki hukohuko shuleni."

Tatizo likaanza Jumatatu. Darasa letu lilikuwa na madirisha madogo, giza, kalkuleta zikagoma. Mwalimu Mkuu, mtu wa maamuzi ya haraka, akatutoa nje. Hesabu zikahamia uwanjani.

Raha sana, ila likipita wingu namba zinafifia, zinapotea. Mwalimu Mkuu anasema, "Kalamu chini." Tunasubiri. Wingu likiondoka tunaendelea.

Masika yakaingia. Kwenye ratiba ofisini pakaandikwa: HISABATI – KUTEGEMEA HALI YA HEWA.

Msicheke, niliisoma kwa macho yangu.

Ikanyesha wiki mbili, na wiki mbili hatukugusa hesabu. Jedwali la kuzidisha tuliloliimba tangu darasa la pili likatuyeyuka kichwani kama sukari kwenye chai.

Sasa hapo ndipo akaja mkaguzi. Katoka Kilosa mjini na pikipiki, tope mpaka kwenye miwani. Anga limefunga. Mwalimu Mkuu akatupanga uwanjani hivyohivyo, kalkuleta shingoni.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni." Akaninyooshea kidole mimi. "Wewe. Nane mara saba?"

Nikabonyeza. Kimya. Nikaipuliza, nikaifuta kwenye kaptula, nikaiinua juu. Wenzangu wakaona nimeinua, nao wakainua zao. Darasa zima mikono juu.

"Nimeuliza, nane mara saba?"

"Tunasubiri jua, mwalimu."

Mwalimu Mkuu akaangalia viatu vyake. Mimi nilishaanza kusikia fimbo kabla haijaja.

Mara Mama Tausi, mpishi wetu wa uji, ambaye shule aliipita tu njiani, akapaza sauti toka jikoni: "Hamsini na sita! Mnawachelewesha watoto, uji unapoa!"

Nikajua mkaguzi atawaka.

Akamtazama Mama Tausi. Akatazama wingu. Akaniambia, "Hebu lete hiyo." Kamba ipo shingoni, kwa hiyo nikaja nayo. Akaishika, akaielekeza juu.

Wakuu, mkaguzi akasubiri jua na sisi.

Tulisimama pale muda mrefu, mimi shingo imepinda kama mbuzi wa kuuzwa. Jua lilipochungulia akabonyeza harakaharaka, akakubali kwa kichwa taratibu. "Mama yuko sahihi."

Ripoti yake ikaisifu shule kwa kwenda na wakati.

Aliyetuokoa ni Mama Tausi. Kuanzia kesho yake, ukifika na kikombe anakuuliza, "Saba mara tisa?" Ukijibu anamimina. Hujui, rudi nyuma ya foleni. Siku ya kwanza nilirudi mara tatu.

Mwalimu Mkuu akaenda kumkataza. Naye akaulizwa sita mara nane, mbele yetu.

Alikunywa uji wa mwisho, nyuma ya foleni yote.

Mtihani wa la saba kalkuleta hazikuruhusiwa. Nilifaulu, nikaenda sekondari, na sijui kama ningefika bila ile foleni.

Nilichojifunza: watoto wapeni vifaa, sipingi kabisa. Ila hakikisheni pana mtu mmoja mkaidi wa kuwauliza swali wakiwa na njaa.

Ninyi wenye watoto waliokwisha kupewa vishikwambi, hali ikoje huko majumbani? Shusheni yenu, na wa kubisha abishe. Nipo hapa nawasoma.