Ukili wa Mwalimu Mwanatabu

Mwanatabu binti Mwidani ni mtoto wa mtaa wa Shika Adabu hasa, na leo ndiye mwalimu wa ushauri nasaha ambaye hata shule za ng'ambo ya kivuko humwazima. Chumbani mwake hamna meza. Mna jamvi, na kando yake fungu la miyaa, makuti ya mkindu yaliyochanwa. Somo yake aliyemfunda alipovunja ungo hakumhoji ana kwa ana. Alimpa ukili asuke, ule ukanda wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, maana mikono ikishughulika ulimi hulegea. Naye hufanya vivyo hivyo.

Mwaka juzi aliletewa Jalila, wa kidato cha pili. Kila siku, inapokaribia saa nne, msichana huyo aliwika darasani kama jogoo, kipindi kikavunjika kwa vicheko. Walimu humtuma nyumbani akamlete mzazi. Hurudi adhuhuri peke yake.

"Ijumaa namfukuza," akasema mwalimu mkuu, Bwana Gershom. "Na wewe, hii ni shule au soko la mikeka?"

"Ijumaa haijafika, bwana mkubwa."

Jumatatu Jalila alisuka kanuna. Jumanne vilevile. Jumatano Mwanatabu akamwuliza bila kumtazama, "Mwanangu, mbona jogoo wetu hawiki alasiri?"

Miyaa ikamponyoka. "Nyanya yangu kapooza, mwalimu. Mama huenda kibaruani alfajiri. Saa nne ndiyo saa ya uji na dawa."

"Na hukuomba ruhusa?"

"Nyanya alinikanya. Ati ya nyumbani hayatoki nje."

Mwanatabu akashika kichwa. Kumbe adhabu yao ndiyo iliyokuwa ruhusa yake! Walimpa alichokitaka kila siku, nao wakidhani wanamtia adabu.

Hakumtangaza. Alikwenda mwenyewe kwa yule bibi, akamwamkia shikamoo, akakaa naye mpaka akapata idhini ya kusema. Ndipo akamwendea Bwana Gershom.

"Mwachie nusu saa ya mapumziko ya saa nne aende kwao. Akiwika tena, nifukuze mimi."

"Wewe?"

"Mimi, wallahi."

Akakubali shingo upande. Jalila hakuwika tena. Leo yuko kidato cha nne, kiranja wa darasa, na nyanyake anajisifu mtaa mzima.

Ukili wa Jalila umeshonwa na kili za wenziwe waliopitia chumba kile, ukawa mkeka. Ule wake utautambua: mwanzo umepinda, kisha umenyooka. Juzi Bwana Gershom alivua viatu mlangoni pa Mwanatabu, akauketia mkeka huo.

"Mwalimu," akasema taratibu, "nipe na mimi miyaa."

Mwanatabu akampa, tena ile migumu.