Ng'ombe Niliowachorea Darasa Zima

Nilijua kuchora ng'ombe, na ujuzi huo umenikera kuliko kitu chochote nisichokijua. Wenzangu darasani walichora sanduku, wakalitia miguu minne kama ya meza na masikio mawili, wakakwambia huyo ni ng'ombe. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza nyumbani na wadogo zangu wa kiume walikuwa bado wanabebwa mgongoni, kwa hiyo kuchunga kulikuwa kwangu. Ukishinda nyuma ya ng'ombe tangu asubuhi utajua mfupa wa nyonga unavyochomoza, na ngozi ya shingo inavyoning'inia anapoinama kunywa. Niliwachora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, mama akafuta, nikachora tena.

Nilikuwa darasa la sita kijijini kwetu Tumati, huko Mbulu, mkoa wetu ulipokuwa ndio kwanza umemegwa kutoka Arusha. Watu wazima walibishana juu ya mambo ya mkoa mpya mpaka wakachoka. Sisi lililotufikia ni moja tu. Mwalimu wa stadi za kazi, ambaye alikuwa ametoka Tanga na alivaa sweta mbili hata mchana, alisema kutakuwa na maonyesho ya kazi za wanafunzi Babati, makao makuu ya mkoa. Kila shule ingepeleka picha moja, na aliyeichora angekwenda nayo. Kichwa cha picha kilikuwa "Nyumbani Kwetu".

Mimi nilikuwa sijavuka Mbulu mjini. Lakini sitadanganya kwamba nilichotaka ni kuiona Babati. Nilitaka kusimama pembeni ya picha yangu, mtu mgeni apite, aulize nani amechora, nami niseme ni mimi. 

"Kila mtu achore picha yake," mwalimu alisema, akatugawia karatasi za manila, akaweka mezani kisanduku kimoja cha rangi za maji. Nyingine alitwambia tuzitengeneze, na hilo tuliliweza. Tulikuwa na udongo mwekundu, mkaa, binzari, bluu ya kufulia, na majani ya maboga tuliyoyaponda. Brashi ilikuwa kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha.

Sasa, kosa lilianzia hapo, na mwalimu hakuliona kwa sababu kwao mambo hayo huenda yanafanywa vingine. Kwetu kila mtu ana shamba lake, lakini halilimi peke yake. Leo majirani wote wanakuja kwako na majembe, unawapikia, wanalima mpaka linakwisha. Kesho mnahamia kwa mwingine. Shamba ni la mmoja, mikono ni ya wote, na hakuna anayeona ajabu. Basi mwalimu alipotoka tu, wenzangu wakazipanga zile manila kama mashamba. Aliyejua kunyoosha mistari akapewa nyumba zote. Mwingine akapewa milima. Mwingine mahindi na mtama. Msichana niliyekaa naye dawati moja, mpole asiyejua kukataa neno, akapewa nyasi. Mimi hata sikuulizwa.

"Mwalimu amesema kila mtu yake," nilisema.

Kiranja wetu, msichana mkubwa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde, alinitazama kana kwamba naumwa. "Si ndiyo yake hii? Leo yake, kesho yako. Wewe unataka nini?"

Nilikwenda kumshitakia mama. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua uso. "Baba yako alipolazwa, watu walikuja kutupalilia mahindi," alisema. "Ulimsikia hata mmoja akisema kila mtu lake?"

Mjadala ukaisha. Nikachora ng'ombe.

Nilichora ng'ombe wa kila aina, na kila mwenye picha alisimama nyuma ya bega langu akitoa amri. Huyu anataka mnene zaidi. Yule anasema wa kwao ana pembe moja imevunjika, nivunje. Mwingine, ambaye nyumbani kwao hawakuwa hata na mbuzi, alitaka zizi zima, tena na dume, na kwa kazi yote hiyo akaleta viazi vya kuchemsha visivyotosha watu watatu. Maana hilo nalo lilifuatwa, mwenye picha ya siku alileta chakula cha wachoraji. Nilikula viazi vya watu mpaka nikavichukia, huku moyoni nahesabu rangi inavyopungua kwenye kile kisanduku.

Zamu yangu waliiweka mwisho. Kiranja alieleza sababu bila kuona haya, kwamba nikichorewa mapema nitawakimbia. Kilichoniuma ni kwamba ningewakimbia kweli.

Siku yangu ilipofika walikuja wote, siwezi kuwasingizia. Walikuja, wakala viazi vyangu, wakafanya kazi. Lakini bluu ilikuwa imekwisha, mbingu yangu ikawa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Wa nyumba alikuwa na homa, akanyoosha ukuta ukaegemea mlima. Na mimi, nilipofika kwenye ng'ombe wangu mwenyewe, ng'ombe niliyemtunza kichwani siku zote hizo, mkono ulikuwa umewachoka ng'ombe. Alitoka mdogo, amekunja mgongo, na ndevu nisizojua zilitoka wapi.

Mwalimu alizitundika picha zote kwenye kamba darasani. Akapita ya kwanza, akatabasamu. Ya pili, tabasamu likapungua. Milima ileile. Nyumba zilezile. Akafika katikati ya kamba, akavua sweta moja.

"Mmenakiliana," alisema.

Tulitazamana. Hatukuwa tunaficha kitu, hatukujua tu analaumu nini. Akapita tena taratibu, akitafuta picha moja ya kweli ambayo wengine wote waliiiba. Akasimama kwenye ya jirani yangu wa dawati. Ile ilikuwa nzuri, hilo nalikubali. Ilichorwa siku ambayo rangi bado zilikuwepo na mkono wangu ulikuwa na hamu, ng'ombe wake amegeuza shingo kujilamba ubavu, mpaka unasikia ulimi.

"Hii ndiyo inakwenda Babati," mwalimu alisema. Kisha akaja kwangu. "Na wewe umemwiga mwenzako. Tena umemwiga vibaya."

"Mwalimu, ng'ombe wote nimechora mimi."

"Ndiyo maana wako ana ndevu?"

Darasa likacheka. Hata kiranja alicheka, yeye aliyekuwa na ng'ombe wangu wawili kwenye picha yake. Nilimkasirikia mwalimu, nikawakasirikia wenzangu, nikamkasirikia hata yule mbuzi wangu wa manila. 

Mwalimu na jirani yangu walikwenda Babati, wakarudi. Jirani yangu akakaa kwenye dawati letu na kunisimulia kwa sauti yake ileile ya chini. Alisema walipofika, ofisa mmoja aliipenda sana picha, akampa karatasi tupu na penseli, akamwambia achore kidogo pale mbele ya watu. Akachora nyasi. Ofisa akasema nyasi ni nzuri, sasa chora ng'ombe. Akamjibu kwamba ng'ombe hachori yeye.

"Akauliza, basi nani amechora. Nikamwambia, sisi."

"Sisi nani?"

"Naye aliuliza hivyohivyo. Nikamwambia, sisi darasa la sita. Akaitoa picha kwenye mstari, ati ilitakiwa kazi ya mtu mmoja. Akaninunulia soda."

Niliisubiri sehemu iliyobaki. Hakukuwa na sehemu iliyobaki.

"Hukunitaja?"

Alinishangaa kabisa. "Nikutaje wewe, na wa milima je? Na wa nyumba? Si wangeniuliza huku nyumbani kwa nini nimewaacha?"

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu wiki nzima, nikawa nageuza mgongo kwenye dawati, naye akawa ananisogezea daftari lake ninakili hesabu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia, na hilo lilinikera kuliko picha yenyewe.

Mwalimu alikuwa amemhoji njia nzima kwenye basi mpaka akaelewa. Aliporudi hakutuadhibu. Aliipeleka picha kwa fundi, ikatiwa fremu na kioo, akaitundika ofisini kwa mwalimu mkuu. Chini yake aliandika kwa mkono wake mzuri: Kazi ya Darasa la Sita. Kiranja alifurahi sana. Mimi nilisoma maneno yale kupitia dirishani na kuona kwamba mwalimu hatimaye amemwelewa kila mtu isipokuwa mimi.

Miaka ikapita, nikaolewa hapohapo, na mwanangu wa kwanza akafika umri wa shule. Nikampeleka kuandikishwa. Ofisi ilikuwa imepakwa rangi mpya, mwalimu mkuu alikuwa kijana niliyemzidi umri, akaniamkia kwa heshima na kunipa kiti. Picha ilikuwa palepale nyuma ya kichwa chake. Nyasi zilikuwa zimefifia, mbingu imekuwa nyeupe. Ng'ombe alikuwa bado anajilamba.

Sikukusudia kusema neno. Lakini mwanangu alikuwa pale, anaitazama, akasema ng'ombe huyo ni mzuri.

"Huyo nilimchora mimi," nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Mwalimu mkuu alicheka, kicheko kizuri tu, hakikuwa cha dharau. "Mama, kila mzazi anayekaa kwenye hicho kiti ananiambia kuna kitu amechora kwenye hiyo picha."

"Ng'ombe pia?" niliuliza. "Kuna aliyesema amechora ng'ombe?"

Aliweka kalamu chini, akafikiri kwa uaminifu kabisa.

"Wewe ni wa tatu," alisema.