Delmar Tidwell na Mguu wa Marquel

Watu wa kanisani kwetu hawajawahi kukubali kwamba mume wangu Delmar alikuwa na kazi. Wakiniuliza anafanya nini hasa, nawajibu: anakaa nyuma ya nyavu, anakula karanga za kuchemsha, anawatazama vijana wa ligi ndogo wakicheza besiboli, halafu anawaambia wakubwa wa klabu yake nani atafika ligi kuu na nani atarudi kwao kuuza matairi. "Basi hiyo hata mimi naiweza," husema mzee mmoja wa kanisa, na wote hucheka. Waache wacheke. Kazi hiyo imewasomesha mabinti zangu wawili, na imenilaza peke yangu kila kiangazi tangu niolewe.

Mimi naitwa Verlene. Niliendesha basi la shule hapa Alabama hadi nilipostaafu, na besiboli sikuipenda. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nilikuwa naimezea mate kazi ya mume. Watu wazima wamesimama uwanjani wanatema maganda ya alizeti, jua linakuchoma utosi, na ukiuliza mchezo umefika wapi unaambiwa bado. Nilikuwa na mambo yangu ya kufanya.

Delmar ni mtu mrefu, mkimya, magoti yamekwisha kwa miaka aliyochuchumaa akidaka mipira ujanani. Yeye mwenyewe hakufika ligi kuu. Alikwama daraja moja chini yake, akanioa, akapewa kazi ya kusaka vipaji. Alama zao zinaanzia ishirini zinaishia themanini, na hamsini ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Delmar alikuwa mchoyo wa alama. Wenzake walimtania kwamba akitoa sitini lazima apate homa.

Kisha yakaja mambo ya macho. Mwaka juzi, mwezi wa Februari, nilimwona anamimina chai ya barafu pembeni ya glasi, nikafuta meza. Wiki ile ile akapita taa nyekundu pale kwenye duka la dawa, nikaona huu sasa ni msiba unatafutwa. "Delmar, wewe huoni," nikamwambia. Akasema anaona. "Haya, niambie nimevaa nini shingoni." Akageuza kichwa upande kama kuku anayetazama punje. "Naona masikio yako," akasema. "Katikati hapo sioni kitu."

Daktari alisema katikati ya macho pameharibika, pembeni ndipo palipobaki, na hakuna dawa ya kurudisha. Gari asiliguse tena. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilidhani atasema anastaafu. Badala yake akasema, "Verlene, klabu wasijue. Nataka nimalize msimu huu mmoja tu, niage mwenyewe. Sitaki kuondolewa kwa huruma." Hicho ndicho alichokitaka, msimu mmoja, na mimi ni nani nimnyime? Nikazichukua funguo za gari, na sijazirudisha mpaka leo.

Aprili tukaanza. Birmingham, Montgomery, Biloxi, Chattanooga, halafu tena Birmingham. Wasaka vipaji wote hukaa pamoja nyuma ya nyavu, kila mmoja na kifaa chake cha kupima kasi ya mpira, na siku ya kwanza tu Lamar Boggs wa klabu nyingine akatuona. Lamar na Delmar wamejuana tangu nywele zao zikiwa nyeusi.

"Delmar, siku hizi unatembea na askari?"

"Anaogopa nitaibiwa."

"Uibiwe na nani? Shemeji, hebu njoo ukae huku, huyo mzee hata karanga hazitafuni, anazimumunya."

"Lamar," nikamwambia, "mkeo hakufuati kwa sababu ndiyo nafasi yake ya kupumua." Safu nzima ikacheka, Lamar mwenyewe akiwa wa kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena ninafuata nini.

Siku za mwanzo nilikuwa bure kabisa. Delmar ananinong'oneza, "Umeona nini?" nami namjibu, "Mpira umekwenda kule, akakimbia." Alikuwa anapumua kwa nguvu ili asinigombeze.

"Mpira usiutazame," akaniambia. "Mpira unatazamwa na kila aliyekata tiketi. Mtazame mtu. Anza na miguu, kisha kiuno, mikono iwe ya mwisho."

Basi nikajifunza. Mrushaji akichoka kiwiko kinashuka kabla kasi haijashuka. Mpigaji anayebahatisha, mabega yanafunguka mapema. Nilimweleza nilichokiona, yeye akauliza, nikatazama tena, na asubuhi hotelini alinitajia alama nami nikaziandika kwenye kompyuta. Alama zote zilikuwa zake. Kilichokuwa changu ni macho tu. Kufikia Juni nikajikuta naamka nina hamu ya mechi ya jioni, na jambo hilo liliniudhi sana.

Sasa, Marquel Guidry. Huyu ni kijana wa Louisiana, anacheza katikati ya kituo cha pili na cha tatu, pale mpira unapofika ukiwa bado una hasira. Delmar alimwona angali mwanafunzi, akataka klabu yetu imchukue, klabu nyingine ikawahi, na donda hilo halikupona. Kila mwaka aliwaambia wakubwa wake neno moja: siku wakimtoa huyu, mchukueni. Mwaka huo ndio wakawa tayari kumtoa. Mwezi wa Julai klabu hubadilishana wachezaji, na klabu yetu ilikuwa inakaribia kumtoa mrushaji wake bora miongoni mwa vijana ili impate Marquel. Walichokuwa wanasubiri ni neno la Delmar.

Kijana mwenyewe alikuwa mcheshi. Kila akipita karibu na nyavu alisimama.

"Bi Verlene, mwambie mzee aniandikie themanini."

"Jiandikie mwenyewe kwa gongo lako la kupigia."

"Nalo gongo limechoka, Bi Verlene, lipe karanga."

Nilimpenda. Sioni sababu ya kuficha.

Mwezi wa Mei, Biloxi, mpira ulimpiga mbavuni. Ulikuwa na kasi ya kuvunja mlango. Akakaa nje kidogo, akarudi, akaendelea kupiga kama kawaida, na mashine zote zikasema mzima. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kuanza na miguu. Kila mrushaji alipoachia mpira, kabla haujajulikana unakwenda wapi, mguu wa mbele wa Marquel ulichepuka kuelekea kituo cha tatu, kuukwepa mpira. Kidogo tu, kama mtu anayempisha mlevi njiani. Mipira ya warushaji dhaifu aliipiga hivyo hivyo mguu ukiwa nje. Wale wenye mpira mkali wa kupindia upande wa mbali, walimmaliza.

Nilikaa na jambo hilo kwa mechi mbili. Ya tatu nikamwambia Delmar tukiwa barabarani.

"Marquel anaogopa mpira."

Akacheka. "Nani kakwambia?"

"Mguu wake."

"Verlene, yule kijana nimemjua kabla hajaota ndevu. Haogopi kitu. Na wewe umeanza lini kujua besiboli?"

"Tangu ulipoacha kuona."

Neno likishatoka halirudi. Akageukia dirisha, tukaendelea hadi Decatur. Pale nilipokuwa natia petroli akashusha kioo, akasema bila kunigeukia, "Kesho nitazamie huo mguu peke yake. Kila mpira. Na usinifariji."

Nikautazama. Siku tatu nzima nilikuwa sina kazi nyingine. Kila Marquel aliposhika gongo mimi nilinong'ona: umekaa, umekimbia, umekimbia, umekimbia. Delmar alikuwa amefumba macho, mfuko wa karanga mapajani haujaguswa. Marquel akapita kwenye nyavu akaniuliza mbona leo sitanii, nikamwambia kichwa kinaniuma. Siku ya tatu Delmar akanishika mkono katikati ya mechi. "Inatosha," akasema. "Andika wasimchukue." Ilimuuma, nami iliniuma, na tulirudi hotelini kila mtu na lake.

Asubuhi yake tukiwa mezani simu ikalia. Ni Colby Renner, mkuu wa wasaka vipaji wa klabu yetu, kijana wa umri wa binti yangu mkubwa, mwerevu na mwenye adabu. Delmar haoni vitufe, kwa hiyo simu zake zote nilizifungulia sauti.

"Mzee Tidwell, nimesoma mara mbili nikidhani nimekosea. Umetuimbia huyu kijana miaka yote hii, leo unasema tumwache?"

"Ndiyo. Mguu wa mbele unakimbia, tangu apigwe Biloxi."

"Takwimu hazisemi hivyo."

"Zitasema Septemba."

Colby akavuta pumzi. "Sawa. Nikivunja mpango huu kwa neno lako tajiri wa klabu atanitafuna, lakini nitauvunja. Nijibu tu lile swali, mzee. Huo mguu umeuona wewe mwenyewe, kwa macho yako?"

Hakuna klabu isiyouliza swali hilo kabla ya kubadilishana wachezaji. Msaka vipaji habebi maneno ya kuambiwa, hata aambiwe na nani. Usipokuwa umeona, unasema sikuona, na heshima yako yote iko hapo. Na neno moja tu lilitosha: ndiyo. Habari ilikuwa kweli, msimu ulikuwa umefika katikati, na ukimtoa daktari, mtu wa tatu wa kujua hakuwepo duniani. Mimi nilikuwa namwashiria kwa kichwa, sema ndiyo, sema ndiyo, hadi shingo ikaniuma. Kumbe namwashiria mtu asiyeona.

"Hapana," Delmar akasema. "Ameuona mke wangu. Mimi macho yangu yalikufa Februari."

Nikasikia Colby anafunga mlango wa ofisi yake. Kisha Colby akasema, "Mama yupo hapo?"

"Nipo."

"Mrushaji akiwa wa mkono wa kushoto, mguu unakimbia pia?"

"Wa kushoto unakaa. Unawakimbia wa kulia tu."

"Na akiwa amebanwa, amebakiza mpira mmoja atolewe?"

"Hapo sikutenganisha. Sijui."

Akauliza mengine, nikajibu niliyoyajua, nisiyoyajua nikasema sijui. Akanishukuru vizuri. Kisha akasema, "Mzee Tidwell, mpango nauvunja. Lakini unajua siwezi kukuacha uendelee na kazi ya barabarani."

"Najua."

"Laiti ungeniambia mapema."

"Ungeniondoa mapema."

"Ndiyo," Colby akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika kweli. "Rudi nyumbani, mzee."

Msimu wa Delmar ukaishia pale mezani, mayai na uji wa mahindi mbele yake, mwezi wa Julai. Tulipotoka mjini nikashindwa kujizuia.

"Kwa nini hukusema ndiyo? Mguu si kweli?"

"Mguu ni kweli."

"Sasa?"

"Kaniuliza kama nimeuona. Sikuuona."

Nikamwita mpumbavu, tena mara kadhaa. Yeye akasogeza kiti nyuma akalala, na aliniacha niseme mpaka nikachoka.

Klabu ilimtumia barua nzuri na saa ya ukutani. Lamar Boggs akaja na samaki wa kukaanga, akakaa naye barazani siku nzima, hakutania hata kidogo, nikajua naye ameumia.

Marquel alibaki klabu yake ile ile. Majira ya baridi wakampata mwalimu mmoja aliyekuwa anamwekea ubao nyuma ya kisigino, mguu ukitoka unagonga ubao, kutwa kucha, hadi woga ukachoka wenyewe. Kiangazi kilichofuata walimpandisha ligi kuu. Wiki yake ya kwanza wakacheza na klabu yetu, na mrushaji alikuwa yule yule ambaye tulikataa kumtoa. Tulikuwa tunasikiliza redio barazani, mimi namenya maharage. Mtangazaji akapandisha sauti: mpira umepigwa juu, unakwenda, unakwenda, umetoka nje ya uwanja, Guidry anazunguka vituo vyote.

"Nilisema atafika au sikusema?" Delmar akauliza.

"Ulisema wasimchukue."

"Wewe ndiye uliyesema. Wewe na mguu wako." Akacheka hadi akakohoa. "Haya, niambie basi. Umekaa?"

"Hii ni redio, Delmar. Hata mimi simwoni."

Hilo likamchekesha zaidi. Kijana wake amefika, na kinyongo hakuwa nacho hata chembe. Mimi nilikuwa nimeacha maharage. Nilikuwa nauwaza ule msimu mmoja alioutaka, akaukosa kwa ajili ya mguu uliokuja kutibiwa kwa kipande cha ubao, na machozi yalikuwa yananitoka bila sauti. Delmar akanigeukia, bado anacheka, akanipa glasi yake nimwongezee chai. Nikamwongezea, na sikumwambia kwamba nalia.